Blauzi Isiyopita Kichwani

Mwaka wa tisini na nne Benadetha alikuwa na cherehani nzuri, na hana cha kushona.

Haikuwa hivyo zamani. Miaka ya themanini, alipokuwa kwenye kikundi cha ushonaji cha akina mama hapo Lindi mjini, kitambaa kikifika dukani watu walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyebahatika kupata yadi tatu alizibeba hadi kwa fundi kama anabeba mtoto mchanga. Sare za shule, magauni ya arusi, kanzu za wanakwaya, zote zilipita mikononi mwa Benadetha. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Marobota ya mitumba yakawa yanashushwa sokoni kila wiki, na mtu akaweza kuingia na khanga moja akatoka amevaa kama bwana wa Ulaya. Kikundi kikafa polepole, hata kikao cha mwisho hakikufanyika. Kila mmoja alichukua chake akaenda zake. Benadetha alirudi nyumbani kwake mtaa wa Rasbura na cherehani yake ya mguu pamoja na magunia mawili ya vipande, masalio ya miaka kumi na miwili ambayo wenzake waliyaona takataka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kurekebisha hiyo hiyo mitumba: suruali kupunguzwa kiuno, zipu kubadilishwa, koti kukatwa mikono. Wateja wengi aliletewa na jirani yake Mwanaima, ambaye alikuwa na meza ya mitumba sokoni. Walitaniana juu ya jambo hilo. "Umeniua kisha unanilisha," Benadetha alikuwa akimwambia, na Mwanaima anajibu, "Ningekuua kweli ungepata wapi nguvu ya kunisema?" Wote wawili walikuwa wajane, na ukuta wa nyua zao ulikuwa mmoja.

Mwezi wa nane mwaka huo mama yake Benadetha, Bi Katarina, alianguka shambani kwake karibu na Mtama akiwa anafagia majani chini ya mikorosho. Kiharusi. Walimleta Lindi kwa lori, akalazwa wiki tatu, na aliporuhusiwa upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Mguu aliweza kuuburuta akishika mkongojo. Mkono haukusikia lolote. Mdomo ulikuwa umevutwa kidogo, na chale za ujana zilizokuwa zimepangika sawasawa mashavuni sasa upande mmoja ulikuwa chini ya mwenzake. Akili na ulimi vilikuwa vilevile, na ulimi wa Bi Katarina haukuwa wa kuchezea.

Alikuja kukaa Rasbura. Benadetha alimwogesha, akamlisha, akamvisha, na kila asubuhi lilipofika suala la nguo nyumba nzima ilichafuka. Joto lilikuwa limeanza kupanda. Magauni yake ya zamani yalikuwa na mikono ya kubana. Khanga, aliyoivaa maisha yake yote, ilihitaji mikono miwili ya kuifunga, na akisimama ilidondoka. Siku moja Mwanaima alileta fulana pana ya mitumba, laini, wakadhani mambo yamekwisha. Waliuingiza mkono mgonjwa kwanza, kama muuguzi alivyoelekeza, kisha kichwa. Kichwa kikakwama. Benadetha alivuta huku na huku, na kutoka ndani ya ile nguo ikasikika sauti ya mama yake.

"Niache."

"Mama, bado kidogo tu."

"Nimesema niache."

Alipoitoa fulana, uso wa mama yake ulikuwa umelowa. Hakusema kama ni jasho. Alikaa kifua wazi pembeni mwa kitanda, amegeukia ukutani, na Benadetha alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya jiko kwa muda mrefu.

Katikati ya hali hiyo ndipo ilipofika barua ya Lukas.

Lukas alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Katarina. Alikuwa amekuja kuwajulia hali mwezi wa tisa, akakaa siku mbili, akayaona yote. Barua yake ilikuwa ya heshima, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Ilisema kwamba ukoo umepanga kukutana Mtama Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, nyumbani kwa mjomba Likwata, ili kuamua nani ashike shamba la mikorosho. Ilisema mama mdogo asisumbuke kusafiri, kwa kuwa hajiwezi, na hata kuvaa anavishwa.

Benadetha alisoma kwa sauti, na alipofika kwenye maneno hayo alitaka kuyaruka. Mama yake alimwona.

"Soma yote."

Akasoma yote.

Shamba lile lina habari yake. Watu walipohamishiwa vijijini zamani, mashamba mengi ya mikorosho yalibaki mbali, yakaota pori, na bei ilipokuwa mbaya hakuna aliyejali. Bi Katarina ndiye aliyekuwa akienda kwa miguu, mwaka hadi mwaka, kufyeka na kupunguza matawi, watu wakimcheka kwamba anapalilia kuni. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, magari yao yanafika mpaka vijijini, na kila mtu alikuwa amekumbuka mti aliopanda bibi yake.

"Anasema navishwa," Bi Katarina alisema.

"Mama, Lukas ni mtoto tu."

"Lukas ana watoto watano. Hajasema uongo, navishwa. Basi tuanzie hapo. Nitavaa mwenyewe. Nikishaweza kuvaa nitakwenda Mtama nikawasikilize."

"Utavaa nini?"

"Wewe si fundi?"

Benadetha aliyamwaga magunia yote mawili sakafuni. Hakukuwa na kipande kilichofika hata yadi moja. Palikuwa na poplini nyeupe ya mashati ya shule, khaki ya kaptula, doria ya bluu iliyobaki kwenye gauni la bibi arusi mmoja, pembe za vitenge, satini ya bitana, na ncha za khanga zilizokatwa maneno katikati. Vitambaa vipya vilikuwepo madukani, lakini vingi vilikuwa vya nailoni, vya kung'aa, ambavyo kwenye joto la Lindi mtu akivivaa anachemka. Na hivyo vingine ambavyo si vya nailoni yeye hakuwa na uwezo navyo mwezi ule.

Aliloweka vyote kwanza kwenye karai mbalimbali, usiku kucha. Alijua khaki na poplini hurudi na kupungua zikiloa, na nguo ya vipande ambavyo kimoja kinarudi na kingine hakirudi hujikunja yote siku ya kufuliwa. Kitenge chekundu kilichuja maji yakawa kama damu ya kuku, akakiweka kando.

Blauzi ya kwanza aliishona kama shati, wazi mbele. Ilionekana njia rahisi. Mama yake akaingiza mkono mgonjwa kwa kuuvuta na mkono mzima, akaivuta nguo mgongoni, na hapo ikamshinda: mkono mzima ulipotafuta njia yake nyuma, nguo nzima iliteleza bega la kushoto ikaanguka. Akajaribu tena. Mara ya nne alifaulu kuivaa, akafika kwenye vifungo. Kifungo kinataka mkono mmoja ushike tundu na mwingine usukume. Yeye alisukuma, na tundu likakimbia.

"Hii ni ya mtu mzima," Bi Katarina alisema, akaitupa kitandani.

Benadetha aliokota nguo, akaanza kufumua mishono. Alifumua siku nzima. Hakuwa na hasira, alikuwa anafikiri, na vidole vyake vilifikiri vizuri zaidi vikiwa na wembe wa kufumulia. Jioni mama yake alimwita kutoka chumbani.

"Bena. Khanga naivaaje?"

"Unaizungusha, Mama."

"Siipitishi kichwani?"

"Huipitishi."

"Na huu mkono, nikivaa khanga, nauinua?"

Benadetha alisimama na ule wembe mkononi. Mkono ule haukuhitaji kuinuliwa. Haukuhitaji hata kuguswa. Nguo ingeweza kuja kutoka kulia, kuzunguka kifua na mgongo, na kufungwa kushoto, juu ya bega na chini ya kwapa, na mkono mgonjwa ukabaki ulipo, umelala pajani.

Usiku huo alichora kwa chaki juu ya meza, na asubuhi akakata. Kwa kuwa kila kipande kilikuwa kidogo, alilazimika kuamua kila kimoja kifanye kazi gani. Doria, ambayo ilikuwa laini kuliko vyote, aliiweka bega la kushoto na ubavuni, mahali ambapo ngozi ya mama yake ilikuwa imeanza kuchubuka. Kwapa la kulia alilizungushia satini kwa ndani, ili mkono mzima uteleze na kupita bila kugombana na nguo. Mgongo ukawa poplini nyeupe, kwa sababu hunyonya jasho. Mbele aliweka pembe mbili za vitenge visivyofanana, kimoja cha kahawia chenye majani, kingine cha njano chenye duara, akaviunganisha katikati. Kwenye ule ukingo wa kufungia, kuanzia begani hadi chini, alishona utepe wa khaki. Khaki ni ngumu, husimama yenyewe, na kidole kinaweza kuitafuta na kuipata bila macho.

Vikabaki vifungo. Vya kawaida vilikuwa vidogo mno. Alimweleza Mwanaima juu ya ukuta, na Mwanaima akafikiri.

"Nina koti," alisema. "La baridi. Limekaa mezani mwaka wa pili, hata kulitazama hawalitazami. Lina vifungo kama visosi."

Alikuja nalo kesho yake, koti zito la sufu ambalo kulishika tu kulitoa jasho, na Benadetha akakata vifungo vinne. Badala ya matundu alitengeneza matanzi ya kamba nene ya kitambaa, mapana, yaliyosimama wazi kama sikio.

Bi Katarina alikaa pembeni mwa kitanda. Aliitazama ile nguo, rangi zake sita zikiwa hazijuani, na Benadetha akasubiri aseme neno. Yeye alipitisha mkono wa kulia. Akashika ukingo wa khaki, akauvuta kifuani hadi begani kushoto, akatafuta tanzi. Likamponyoka. Akalitafuta tena. Benadetha aliinua mkono kumsaidia, na mama yake akamwambia bila kugeuka, "Kaa nje."

Alikaa nje na Mwanaima. Waliongea habari za bei ya mchele, kila mmoja akisikiliza mlango. Chai waliyochemsha ilipoa. Hatimaye mkongojo uligonga sakafu, ukagonga tena, na Bi Katarina akatokea kizingitini. Kifungo cha begani kilikuwa kimefungwa, na viwili vya ubavuni. Cha chini kabisa kilikuwa wazi.

"Shikamoo, mama," Mwanaima alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hicho cha chini nimekiacha. Nitakifunga kesho."

Kesho yake hakikufungika, wala keshokutwa. Benadetha alikisogeza juu vidole viwili, na siku ya nne kikafungika. Tangu hapo Bi Katarina alivaa na kuvua, kuvaa na kuvua, hata mchana watu wakiwa wamelala kwa joto yeye alisikika chumbani akihema kama anayetwanga. Benadetha alishona ya pili, ili moja ifuliwe. Kwa chini alimtengenezea sketi ya mpira kiunoni, na hiyo haikumpa taabu.

Walikwenda Mtama kwa basi la Ijumaa. Kwa utaratibu wa ukoo walifikia kwa Lukas, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa na chumba cha wageni. Lukas aliwapokea vizuri, akambeba mama yake mdogo kumshusha kwenye basi, akamwambia mkewe achinje kuku. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule, baada ya Bi Katarina kuanguka, ni yeye aliyefyeka lile shamba, na aliona haki yake iko wazi.

Asubuhi, Benadetha alikuwa kisimani akichota maji ya kuoga pale Rosa, mke wa Lukas, alipoingia chumbani na uji. Alimkuta Bi Katarina amekaa na kitambaa kilichojaa rangi magotini. Rosa aliweka bakuli chini haraka.

"Ngoja nikuvishe, mama."

"Kaa hapo kwenye kigoda," Bi Katarina alimwambia. "Uji bado wa moto."

Rosa akakaa.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mjomba Likwata, kaka mkubwa wa Bi Katarina, mzee aliyekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika na bado alipenda kuandika mambo kwenye daftari. Wanaume walikuwa kwenye viti vya kuazima, wanawake kwenye mikeka. Bi Katarina alipoingia akiburuta mguu, maongezi yalikatika. Kisha mwanamke mmoja kutoka upande wa mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosikika, kama Lindi siku hizi watu wanavaa viraka. Wachache walicheka.

"Ni vipande," Bi Katarina alisema. "Kiraka kinaziba tundu. Hii haina tundu." Akaketi.

Lukas alipewa nafasi ya kwanza. Alisema kwa upole. Alisema hakuna anayemnyang'anya mama mdogo, lakini shamba linataka mtu wa kusimama nalo, wanunuzi wanakuja, kwenye mizani watu wanaibiwa, magunia yanataka kubebwa, na mama mdogo Mungu amempa mtihani. "Mimi mwenyewe nilimwona Lindi kwa macho yangu," alisema. "Mtu anayevishwa nguo kama mtoto, tutamwachiaje mikorosho? Hata blauzi aliyovaa leo hakuivaa yeye."

Mjomba Likwata aliinua kalamu kwenye daftari. "Katarina, una la kujibu?"

Benadetha alimtazama mama yake. Alitarajia ulimi ule utoke kama panga. Lakini Bi Katarina alikuwa ameukunja mkono mzima juu ya ule mgonjwa, na alikuwa akimtazama mtu mwingine kabisa, upande wa mikeka.

Rosa alikuwa amepakata mtoto wake wa mwisho. Alimhamishia mtoto goti la pili. Kisha akasema, akiangalia chini, "Aliivaa yeye."

Lukas aligeuka.

"Mimi nilikuwepo chumbani," Rosa akaendelea. "Nilitaka kumvisha, akanikataza. Amevaa yote mwenyewe mbele yangu, vifungo vinne. Uji haukuwahi hata kupoa."

Ni jambo zito mwanamke kusema dhidi ya mumewe katika kikao cha ukoo ambao wala si wake, na kila mtu alilijua, Rosa kuliko wote. Masikio yake yalionekana kuwaka. Lukas akakaa.

Hapo ndipo Bi Katarina alipozungumza. Hakumlaumu Lukas. Aliutaja mkorosho mmoja mmoja: ule wa njiani unaozaa mapema, ile mitatu ya bondeni iliyoshikwa na ugonjwa wa ubwiri, ule mkubwa uliopandwa na mama yao. Alisema mwaka gani alikata matawi gani. Mjomba Likwata alianza kuandika, kisha akaacha, akasikiliza tu.

"Shamba silitoi nikiwa hai," alimalizia. "Lukas amefyeka mwaka huu, nimesikia na nashukuru. Kazi ya nguvu aifanye yeye, na upande wote wa bondeni avune korosho ziwe zake. Huku juu ni kwangu na Bena. Kwenye mizani nitakaa mimi. Kukaa sijashindwa."

Walibishana mpaka adhuhuri, kwa sababu kikao kisicho na ubishi si kikao, lakini hakuna aliyelibadilisha neno lake. Mjomba Likwata aliliandika hivyo hivyo, akaupa kila upande usaini. Lukas alitia saini. Alikuwa mzito usoni kwa siku mbili, na Rosa alizungumza naye kidogo sana siku hizo mbili. Siku ya tatu Lukas alikuja mwenyewe na baiskeli, akampandisha mama yake mdogo kwenye kiti cha nyuma, akamsukuma taratibu mpaka shambani. Benadetha alifuata kwa miguu. Mabibo yalikuwa yameiva, harufu yake imejaa kote, na Bi Katarina alitembea kutoka mti hadi mti, akigonga kila shina kwa mkongojo.

Msimu ule alibaki Mtama. Benadetha alirudi Lindi peke yake, na kabla hajaondoka Rosa alimwomba amshonee blauzi ya namna ile jirani yake aliyekuwa amevunjika mkono. Akashona. Baada ya hapo akashona nyingine kwa mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye aligundua kwamba bega linalofunguka linafaa sana kwa kunyonyesha, akawaambia wenzake kliniki. Ile khaki na vifungo vikubwa vikaanza kuonekana hapa na pale mjini. Mwanaima alitenga kona ya meza yake kwa ajili ya blauzi hizo, na yale makoti ya sufu yaliyokuwa yanamwozea akayakata vifungo vyote.

Magunia mawili yalikwisha kabla ya Pasaka. Siku yalipokwisha Benadetha alienda kwa mafundi wanaume wa barazani sokoni, wale waliokuwa wakiwasha jiko kwa masalio yao, akawaambia kuanzia leo wasichome, wamwekee.

Mama yake aliishi miaka minne zaidi. Kila alipopata mtu wa kwenda Lindi alituma ujumbe, na mara nyingi ujumbe ulikuwa malalamiko: tanzi limelegea, doria imechakaa, hii mpya imekuwa ndefu. Mara ya mwisho alituma kusema anataka blauzi yenye mfuko wa ndani, upande wa kulia, wa kuwekea ugoro. Benadetha alimrudishia jibu kwamba kwa mkono wa kulia mfuko wa kulia hautafikika vizuri, afadhali uwe kushoto, mbele kidogo. Ilikuwa ni mara ya kwanza mama yake kukubali bila ubishi.